Meursault Mbele ya Jeneza: Majibu kwa Waliosoma L'Étranger

Toleo lililopita niliwaomba wasomaji wa safu hii wasome L'Étranger, riwaya ya Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria, iliyochapishwa Paris mwaka 1942, kisha waniandikie. Barua zimekuja, na nyingi zina hasira. Zimenipa moyo, maana nilitaka kitabu kile kiwaguse, si kiwapite tu.

Kwa ambaye hajakipata, kisa chenyewe ni hiki. Meursault ni karani kijana mjini Algiers, enzi Algeria ingali chini ya Wafaransa. Mama yake anafariki katika makazi ya wazee kule Marengo, kilomita 80 kutoka mjini. Anamzika bila kudondosha chozi. Kesho yake anakwenda kuogelea, anakutana na Marie, na jioni wanatazama filamu ya kuchekesha. Haupiti muda mrefu, ufukweni, kwenye jua kali, anampiga risasi Mwarabu mmoja na kumuua. Yanayofuata ni gereza, kesi na hukumu ya kifo.

Shikamoo Mwalimu. Nimekisoma mara mbili na bado sielewi. Mtu ameua. Kwa nini mahakama inashughulika na habari za kahawa na sigara? Mwandishi amepotea njia au anatutega? — Mwanafunzi wa fasihi

Marahaba, mwanangu. Hakupotea. Rudi nami kwenye kile chumba cha maiti. Jeneza limefunikwa, skrubu hazijakazwa sawasawa. Bawabu anataka kulifungua ili Meursault amwone mama yake, naye anasema hapana. Kwa nini? Hajui. Baadaye bawabu anamletea kahawa ya maziwa, anakunywa. Anatamani sigara, anasita kwa kuwa hana hakika kama inafaa kuvuta mbele ya mama, kisha anaona haidhuru, anampa bawabu moja, wanavuta pamoja. Tunayapita mambo haya upesi, hatuhisi kwamba hati ya mashtaka imeanza kuandikwa.

Katika sehemu ya pili kila kimoja kinarudi kikiwa ushahidi. Mkuu wa makazi anaeleza kwamba kijana alikuwa mtulivu, hakutaka kumwona mama yake, hakulia, na hakujua hata umri wake. Bawabu anasimulia kahawa na sigara. Inapobainika kwamba kahawa aliitoa bawabu mwenyewe, mwendesha mashtaka anasema mtu baki anaweza kutoa kahawa, ila mwana alipaswa kuikataa mbele ya mwili wa aliyemzaa. Marie anabanwa maswali mpaka anaitaja filamu, siku waliyoitazama, na kwamba mwigizaji wake alikuwa Fernandel, mcheshi aliyevuma zama hizo. Anaangua kilio, anasema sivyo ilivyokuwa, wanamsemesha kinyume cha anachofikiri. Mzee Pérez, rafiki wa marehemu, anaulizwa kama alimwona Meursault akilia. Hakumwona. Wakili anadakia: je, alimwona akiwa halii? Hilo nalo hakuliona, maana mzee wa watu alikuwa amezidiwa na msiba wake mwenyewe.

Hatimaye wakili anauliza kama mteja wake anashtakiwa kwa kumzika mama yake au kwa kuua mtu. Ukumbi unacheka. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema ndiyo, anamshtaki kwa kumzika mama yake kwa moyo wa mhalifu. Na kwa kuwa kesho yake mahakama ilikuwa isikilize kesi ya mtu aliyemuua baba yake, anatamka kwamba Meursault ana hatia ya kosa hilo pia.

Hiyo ndiyo dhamira ninayoiweka mbele ya zote: mahakama ile inahukumu kifo kisichohusika. Mama alijifia kwa uzee. Aliyeuawa ni mtu mwingine, na kadiri kesi inavyosonga ndivyo anavyosahaulika. Camus aliyajua mazingira hayo kwa karibu, kwa kuwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa ripota wa gazeti la Alger républicain na aliripoti kesi mahakamani. Angalia pia wasomaji wenzako. Nyingi kati ya barua nilizozipokea zinaanza kwa kumlaumu Meursault kuhusu mama yake, na chache mno zinamtaja yule aliyelala mchangani. Mwandishi ametukalisha kwenye jopo la mahakama, nasi tumefuata mkondo uleule wa mwendesha mashtaka.

Mwalimu mwenzangu, Camus mwenyewe alisema kosa la Meursault ni kukataa kusema uongo. Unakubaliana naye? — Mwalimu wa historia

Nakubali nusu, ndugu yangu, na hiyo nusu nyingine imenisumbua miaka mingi.

Ni kweli Camus aliandika hivyo, katika dibaji ya mwaka 1955. Alisema katika jamii yetu asiyelia kwenye mazishi ya mama yake anajiweka katika hatari ya kuhukumiwa kifo, na kwamba Meursault anaadhibiwa kwa kuwa hachezi mchezo wanaocheza wengine. Ushahidi upo tele. Marie anamuuliza kama anampenda, naye anajibu kwamba swali hilo halina maana, ila anadhani hampendi. Wakili anamwomba aseme kwamba siku ya mazishi aliizuia huzuni yake, anakataa kwa sababu si kweli. Hakimu wa uchunguzi anamuuliza kama anajuta. Anafikiri kidogo, anajibu kwamba kuliko majuto ya kweli, anahisi kero fulani. Neno moja tu la uongo lingemnusuru, naye halisemi.

Lakini msimsahau Raymond. Huyu ni jirani anayejiita mtunza ghala, na mtaani inajulikana kwamba anaishi kwa mgongo wa wanawake. Anataka kumwadhibu hawara wake, mwanamke wa Kiarabu, kwa hiyo anahitaji barua tamu ya kumvuta arudi apate kumdhalilisha. Nani anaiandika? Meursault. Anaiandika kwa uangalifu ili Raymond aridhike, kwa kuwa haoni sababu ya kutomridhisha. Mwanamke anarudi, anapigwa, mayowe yake yanasikika jengo zima. Marie anamwomba Meursault aite polisi, anajibu kwamba hawapendi polisi. Baadaye anakwenda kituoni kumtolea Raymond ushahidi kwamba mwanamke huyo alimkosea. Kaka wa mwanamke anaanza kumfuatilia Raymond, na huko ndiko kunakozaliwa ugomvi wa ufukweni.

Basi ukweli anaoulinda Meursault ni ukweli wa moyo wake mwenyewe. Hatajipaka huzuni asiyoihisi, na hapo namheshimu sana. Ila kalamu yake anaiazima kwa uongo wa mtu mwingine bila kutaabika, na kutoka barua ile mpaka kwenye bastola ni mwendo ulionyooka. Dibaji ya Camus haigusi barua hiyo. Riwaya yenyewe inaigusa, tena waziwazi, na mimi huiamini riwaya kuliko maelezo ya mwenye riwaya. (Kwa mpenda udadisi: jina la ukoo la Raymond ni Sintès, ambalo ni jina la ukoo wa mama yake Camus.)

Je, hiki ni kitabu cha udhanaishi? Mwalimu wetu anasema ndiyo, rafiki yangu anasema hapana. — Msomaji wa kidato

Wote wawili wana hoja. Udhanaishi ni falsafa isemayo kwamba mtu hujiundia mwenyewe maana ya maisha yake. Vitabu vya kufundishia humweka Camus pamoja na Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa mkondo huo, lakini Camus aliikana lebo hiyo hadharani mwaka 1945. Fikra yake aliita ubwege, na aliifafanua katika Le Mythe de Sisyphe, insha iliyotoka mwaka uleule wa 1942. Kwa ufupi: binadamu anadai sababu na maana, ulimwengu umenyamaza, na ubwege ni kule kukutana kwa dai na ukimya. Ukimtoa binadamu haupo, ukiutoa ulimwengu haupo.

Riwaya haikuhubirii hayo. Inakuonyesha kwa namna inavyoandikwa. Meursault anasimulia tukio baada ya tukio na kuziacha "kwa hiyo" na "kwa sababu" ambazo sisi huunganishia maisha yetu. Sartre aliliona hilo mapema katika makala ya mwaka 1943, akasema kila sentensi mle ni kisiwa. Jumapili nzima Meursault anaketi roshani akitazama barabara: familia zinazokwenda matembezi, mashabiki wanaorudi uwanjani kwa tramu, taa zinazowashwa. Mwisho wa siku anasema mama amezikwa, kesho anarudi kazini, na kwamba kwa jumla hakuna kilichobadilika. Anayetaka kuuelewa ubwege asome ukurasa huo kabla ya insha yoyote.

Mimi kitabu hiki nakichukia. Aliyeuawa hana hata jina. Ni "Mwarabu" tu mwanzo mpaka mwisho. Kwa nini tuendelee kusifu kazi ya wakoloni? — Msomaji mwenye hasira

Hasira yako ni ya haki, dada, na sitajaribu kuituliza.

Meursault ana jina. Marie ana jina, Céleste mwenye mgahawa ana jina. Aliyekufa hana, wala dada yake aliyepigwa. Tena mahakamani haitwi Mwarabu hata mmoja kutoa ushahidi: si yule mwanamke, si yule mwenzi wa marehemu aliyekuwepo ufukweni. Mama wa marehemu hatajwi, wakati mama wa mshtakiwa anajadiliwa kutwa. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830 na haikutoka mpaka 1962, na mwaka 1970 mwandishi wa Ireland, Conor Cruise O'Brien, aliandika kwamba hadithi hii inaficha hali halisi ya koloni, kwa kuwa mahakama ya Wafaransa isingekuwa rahisi kumkata kichwa Mfaransa kwa kumuua Mwarabu aliyekwisha kuchomoa kisu. Hoja hiyo sijaona aliyeipangua.

Lakini nakuomba urudie kurasa mbili tatu. Siku ya kwanza gerezani Meursault anafungiwa pamoja na mahabusu wengi, karibu wote Waarabu. Wanacheka wanapomwona, wanamuuliza amefanya nini. Anawaambia ameua Mwarabu. Wanakaa kimya. Usiku unapoingia, haohao wanamwelekeza jinsi ya kuutandika mkeka wake, namna ya kuukunja upande mmoja uwe mto. Hakuna neno la ziada. Kisha katika chumba cha kuonana na ndugu, wengine wanapigiana makelele kuvuka nafasi iliyopo kati ya vyuma, huku Waarabu wamechutama, wanaongea kwa sauti ya chini na bado wanasikizana katikati ya ghasia ile. Aliyeandika hayo aliwaona watu. Mwaka 1939 huyohuyo alikuwa amechapisha mfululizo wa ripoti kuhusu njaa na ufukara wa wananchi wa Kabylie, eneo la milima huko Algeria. Ndiyo maana ukosefu wa jina unaniuma zaidi: Camus alikuwa na macho, msimulizi wake akanyimwa.

Angalia na risasi zenyewe. Jua, jasho machoni, kumetameta kwa kisu, risasi moja. Hapo mtu anaweza kusema alipitiwa. Halafu zinafuata nne, juu ya mwili usiojitikisa tena. Hakimu wa uchunguzi anauliza tena na tena kwa nini alingoja kati ya risasi ya kwanza na ya pili, na Meursault hana jibu. Mahakamani anasema aliua kwa sababu ya jua, watu wanacheka. Jua linaweza kubebeshwa ile ya kwanza. Zile nne hazina wa kuzibeba ila yeye.

Mwandishi wa Algeria, Kamel Daoud, alijibu kwa riwaya nzima mwaka 2013, Meursault, contre-enquête. Msimulizi wake ni Harun, mdogo wa marehemu, na marehemu hatimaye anapewa jina: Musa. Inaanza kwa kusema kwamba leo mama bado yu hai, na huyo mama ameishi maisha yake yote akimtafuta mwanawe. Usikitupe kitabu cha kwanza, dada. Kisome kwa kufuatana na cha pili, na hasira yako utaikuta imeandikwa vizuri.

Mwalimu, baba yangu alipofariki sikulia. Ndugu walikuwa wananitazama. Niliposoma kitabu hiki nilitetemeka. Je, mimi ni Meursault? — Aliyefiwa

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma polepole.

Watu wengi hudhani Meursault haoni kitu mle chumbani kwa sababu hana hisia. Soma tena anachokiona. Skrubu zinazong'aa juu ya mbao zilizotiwa rangi ya jozi. Nesi mwenye bandeji usoni, iliyolala bapa pale ambapo pua ingekuwa. Wazee waliokuja kukesha, wanaofyonza mashavu yao kwa ndani na kutoa mlio ambao wao wenyewe hawausikii. Kesho yake, njiani kwenda makaburini, lami inayopasuka kwa joto, na machozi ya mzee Pérez yaliyoenea usoni kwa sababu mikunjo imeyazuia yasidondoke. Siku tuliyomzika mama yangu, nilichokishika kichwani ni fundo la kamba iliyofungiwa turubai, lilivyokuwa limefungwa vibaya. Maneno yaliyosemwa siyakumbuki. Macho hufanya hivyo moyo unapokuwa haujafika.

Na moyo hufika kwa njia yake. Jirani mwingine wa Meursault, mzee Salamano, ana mbwa mwenye upele aliyeishi naye miaka minane, na kutwa anamtukana na kumburura. Mbwa anapotea. Mzee anakuja kubisha hodi, hataki kuingia, anauliza tu kama watamrudishia mbwa wake. Kisha anajifungia kwake. Meursault anasikia sauti ya ajabu kupitia ukutani, anatambua kwamba mzee analia. Na hapo anasema, sijui kwa nini, nikamfikiria mama. Anaongeza kwamba kesho ilibidi aamke mapema, hakuwa na njaa, akalala bila kula.

Kwangu mimi hapo ndipo msiba wa kitabu hiki ulipo, si Marengo. Umefika kwa kuchelewa, kupitia kilio cha mtu mwingine, na mwenyewe hautambui. Wewe umeutambua wako, ukatetemeka, ukachukua kalamu. Meursault hakumwuliza mtu swali kama hili lako. Huenda chozi la baba likaja siku usiyoitarajia, au lisije. Hao ndugu waliokutazama hawakuwa na haki ya kukupima kwalo.

Mimi ni muumini. Yule kasisi anakabwa ukosi na kutukanwa. Kitabu hiki kinanifaa nini? — Msomaji

Kinakufaa, kwa sababu hoja ya kifo hakiikwepi. Meursault aliyehukumiwa halali usingizi wa kawaida. Anajua wanakuja alfajiri, hivyo usiku kucha anatega masikio asikie hatua za miguu, na kukikucha bila hatua anajua amepata siku nyingine. Anakumbuka habari moja tu ya baba yake: kwamba alikwenda kutazama muuaji akikatwa kichwa kwa gilotini, akarudi akitapika. Kisa hicho ni cha kweli katika ukoo wa Camus, naye alikifungulia insha yake ya mwaka 1957 ya kupinga adhabu ya kifo.

Kasisi ameshakataliwa mara tatu, anaingia bila kuitwa. Anazungumza kwa upole kuhusu maisha mengine, anasema atamwombea. Ndipo Meursault, ambaye kitabu kizima hakupandisha sauti, anamshika ukosi na kufoka yote: kwamba kifo kinawasawazisha wote, mbwa wa Salamano na mke wa Salamano, kwamba hakuna uhakika wa kasisi unaofikia thamani ya unywele mmoja wa mwanamke. Hasira ikimtoka, anatulia. Anafikiria kwa nini mama yake, uzeeni, alijipatia mchumba. Anaelewa kwamba mtu aliye karibu kabisa na kifo anaweza kujisikia huru, tayari kuanza upya, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumlilia.

Unaweza kumwamini Mungu na bado ukajifunza kwa mtu huyu nini usimwambie anayekaribia kufa. Kasisi alikuja na majibu kabla ya kumsikiliza. Camus hakuwa mtu wa kuwadharau waumini. Miaka ya 1940 alizungumza na watawa wa Kidominiko, akawaambia hashiriki imani yao, na akawataka waseme wazi dhidi ya dhuluma za dunia. Mabishano ya namna hiyo yanamheshimu kila aliyemo.

Tukimaliza hiki tusome kipi? — Wengi

La Peste, cha mwaka 1947. Ni kirefu zaidi na kina watu wanaosaidiana, jambo ambalo Meursault hakupewa. Le Mythe de Sisyphe kiacheni kwanza, ni kigumu na kitawakatisha tamaa. Kisha Le Premier Homme, ambacho Camus hakukimaliza: muswada wake ulikutwa kwenye gari alimofia ajalini tarehe 4 Januari 1960, ukachapishwa 1994. Humo utoto wake, mtaa wake wa kimaskini na mama yake asiyejua kusoma wanasimuliwa kwa sentensi ndefu zenye joto, tofauti kabisa na hizi za Meursault. Wanaotaka kubishana nami kuhusu barua ya Raymond waniandikie. Mwalimu wa historia ameshaniahidi hakubali, na barua yake naingojea.